Duka la kaa, kambakochi na kambamiti la Msasani: tathmini ya mteja

Duka hili dogo la Msasani, Dar es Salaam, linauza krasteshia, yaani kaa, kambakochi na kambamiti, pamoja na uduvi wa kukausha na, kwa kiasi kidogo, pweza na ngisi. Ninaiandika tathmini hii kwa urefu kwa sababu wahudumu wake, hasa wale wa upande wa kaa, wanaufahamu mwili wa mnyama wanayemuuza, na ufahamu huo ndio unaomwezesha mteja kurudi nyumbani na nyama badala ya gamba lililojaa maji. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, kwa hiyo nitaeleza huduma yao kwa kufuata viungo vya wanyama wenyewe. Ubora wa bidhaa hii unaonekana mwilini mwake, na mnunuzi yeyote anaweza kuutambua akionyeshwa pa kutazama na pa kubonyeza.

Kaa wanaouzwa hapa ni wale wakubwa wa mikoko, ambao wanasayansi huwaita Scylla serrata. Maelezo ya kwanza ya kisayansi kuhusu kaa huyu yalitoka kwa Pehr Forskål, aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi wa kuainisha viumbe, na aliyefariki Yemen mwaka 1763, na kazi yake juu ya wanyama wa Bahari ya Shamu ikachapishwa mwaka 1775. Wengi wa kaa wa duka hili hutoka delta ya Rufiji, nao hufika wakiwa hai, magando yamefungwa kwa uzi wa katani, ndani ya magunia yanayowekwa kivulini na kunyunyiziwa maji ya chumvi mara kwa mara. Utaratibu huo ni sahihi kabisa. Matamvua ya kaa, yaani viungo vyake vya kupumulia, yamefichwa chini ya gamba la mgongo, pande zote mbili za mwili, na yakibaki na unyevu kaa huweza kuishi nje ya maji kwa siku kadhaa. Mnunuzi anayemchukua kaa hai na kumtumbukiza katika ndoo ya maji ya bomba akidhani anamsaidia humuua, kwa kuwa maji yaliyotuama huishiwa oksijeni upesi na hayana chumvi ambayo mwili wake umeizoea. Wahudumu hapa humweleza hivyo kila mteja mpya, nami nimewasikia wakirudia maelezo hayo kwa subira hata foleni inapokuwa ndefu.

Kinachowatofautisha hasa ni namna wanavyochagua. Mteja asiyejua huvutiwa na kaa mwenye gamba safi linalong'aa, na katika maduka mengi huachwa amchukue. Hapa nimemwona kijana wa mizani akimzuia mama mmoja aliyekwisha kuelekeza kidole: "Mama, huyo msafi mwache, ni mwepesi. Chukua huyu mwenye matope, amekaa na gamba lake siku nyingi." Kisha akawageuza wote wawili chali na kumwomba abonyeze kwa dole gumba sehemu ya chini, karibu na mashina ya miguu. Yule msafi alibonyea kidogo kisha gamba likarudi. Yule mwenye matope hakubonyea kabisa. Mama akamchukua wa pili, ingawa kwa mizani alikuwa na bei kubwa zaidi.

Sababu ya jambo hilo imo katika muundo wa mwili. Kaa hana mifupa ndani. Mwili wake unashikiliwa na gamba la nje lililotengenezwa kwa kitini (nyuzi ngumu kama zile za magamba ya wadudu) na protini, likaimarishwa kwa kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo kemikali ya chokaa. Gamba hilo likishakauka halitanuki tena, kwa hiyo kaa anayekua hana budi kulivua. Kabla ya siku hiyo hutengeneza gamba jipya laini chini ya lile la zamani na kurudisha mwilini sehemu ya madini yake; halafu gamba kuukuu hupasuka upande wa nyuma, naye hujitoa kinyumenyume, akiyavuta hata macho, magando na matamvua kutoka katika vifuniko vyake. Akishatoka, hunywa maji mengi ili avimbe na kulitanua gamba jipya kabla halijakauka. Katika kipindi hicho kaa huonekana mkubwa na mpya, lakini nafasi ambayo baadaye itajazwa na nyama bado imejaa maji. Ukimchemsha, maji hutoka na nyama husinyaa hadi kubaki nyuzi chache zilizogandamana na ukuta wa gamba. Kaa ambaye gamba lake lina mikwaruzo, kucha za magando zimelika, na pengine amebandikwa vikombe vidogo vya viumbe wa baharini mgongoni, ameshapata muda wa kula na kujijaza. Uchafu wake ni ushahidi wa umri wa gamba, na duka hili hulitoza gamba la aina hiyo bei ya juu bila kuficha sababu.

Kaa wepesi hawatupwi wala hawauzwi kwa hila. Hurudishwa kwa wafugaji wanaofanya unenepeshaji katika vizimba, ambako hulishwa mabaki ya samaki na konokono kwa majuma kadhaa hadi gamba lijae. Kwangu mimi huu ndio uamuzi bora kabisa wa kibiashara ambao nimeuona katika duka la aina hii, kwa sababu unamlinda mnunuzi na pia unaipa nyama ile ile thamani kubwa zaidi bila kuvuliwa kaa mwingine kutoka mikokoni.

Jambo la pili ambalo wahudumu huuliza ni kama unataka dume au jike. Swali hilo lina maana kubwa jikoni. Mkia wa kaa haukupotea. Umekunjwa chini ya tumbo kama mfuniko bapa, na umbo la mfuniko huo ndilo linaloonyesha jinsia. Kwa dume ni mwembamba na wa pembetatu. Kwa jike aliyepevuka ni mpana, umezunguka kama nusu duara, na kingo zake zina manyoya, kwa kuwa ndipo mayai yanapobebwa baada ya kutagwa. Jike ambaye bado hajapevuka huwa na mfuniko wa kati, si mwembamba wala si mpana. Dume ana magando makubwa zaidi, kwa hiyo anayependa nyama ya magando kwa mchuzi wa nazi amchukue dume. Anayependa ovari za rangi ya machungwa, zile tamu zinazojaa chini ya gamba la mgongo, atamtaka jike. Duka hili huwauza majike wenye ovari lakini hukataa kununua majike waliokwisha kubeba mayai nje ya mwili, chini ya mfuniko. Majike hao ni nadra kuonekana mikokoni, kwa kuwa jike wa kaa huyu husafiri kuelekea bahari kuu kwenda kuangua. Akinaswa njiani, maelfu kwa maelfu ya mabuu hupotea pamoja naye. Ninaunga mkono msimamo wao, na ningependa kuona tangazo la msimamo huo ukutani ili wavuvi nao walisome.

Huduma ya kuua na kusafisha hutolewa bure, na hufanywa kwa ustadi unaostahili kuelezwa. Kaa hulazwa kwanza ndani ya barafu iliyochanganywa na maji ya chumvi hadi atulie kabisa asitikisike. Hii ni huruma, na pia ni akili. Kaa anayetumbukizwa hai katika maji yanayochemka huikata miguu yake mwenyewe, kwa kuwa kila mguu una mahali maalumu karibu na shina ambapo misuli huweza kuukata ili mnyama amwachie adui kiungo na kukimbia. Jikoni maana yake ni miguu inayoelea na nyama iliyoingiwa maji kupitia matundu. Kaa akishatulia, mhudumu hufunua mfuniko wa tumbo na kuchoma kwa kijiti cha chuma mahali palipo fundo kubwa la neva, kisha pa pili mbele, kati ya macho, kwa kuwa kaa ana vituo viwili vya neva na kimoja pekee hakitoshi. Baada ya hapo gamba la mgongo hubanduliwa kutoka nyuma, matamvua ya kijivu yenye umbo la vidole laini hung'olewa yote, na kifuko cha tumbo kilicho nyuma ya macho hutolewa kikiwa kizima. Ndani ya kifuko hicho kuna vijino vigumu ambavyo kaa husagia chakula baada ya kukimeza. Kikipasuka, mchanga na uchungu huenea kote.

Kinachobaki ni ile tezi laini ya rangi ya njano hadi kahawia, ambayo wanunuzi wengi huiita mafuta ya kaa. Tezi hiyo hufanya kazi za ini na kongosho kwa pamoja, ndiyo maana ina ladha nzito. Mhudumu mzuri huuliza kama unaitaka kabla ya kuiosha, hapa huuliza. Kuna pia majimaji mepesi yanayotiririka wakati wa kukata, ambayo yakikaa kwenye hewa huelekea rangi ya buluu hafifu, na baadhi ya wateja huogopa wakidhani kaa ameoza. Hiyo ni damu yake. Mnyama huyu hasafirishi oksijeni kwa hemoglobini yenye chuma, ila kwa hemosianini yenye shaba, na hiyo hugeuka buluu ikishika oksijeni.

Magando nayo yanahitaji neno. Tazama kwa makini magando mawili ya kaa mmoja na utaona hayafanani: moja, mara nyingi la kulia, ni nene na lina meno butu ya kuponda kombe na konokono, na la pili ni jembamba zaidi na lina meno makali ya kukata. Nyama ya gando la kuponda ni nyingi na nyuzi zake ni nene, kwa sababu msuli wa kufunga ndio unaofanya kazi kubwa. Ukilivunja gando kwa uangalifu, utapata katikati ya nyama bamba moja pana, jeupe na linalopitisha mwanga, ambalo wengi hulitema wakidhani ni kipande cha plastiki. Hilo ni sehemu ya gamba lililojikunja kuelekea ndani, nao msuli wa kufunga umejishika pande zake zote mbili. Wapishi wa mgahawa mdogo ulio nyuma ya duka hulishika bamba hilo kama mpini na kukutolea nyama yote ya gando ikiwa imeshikamana nalo, bila kuhitaji uma.

Kambakochi wa duka hili hutoka Mafia na Kilwa, na wengi ni wa jenasi ya Panulirus. Hapa ninalo lalamiko. Ukutani pamebandikwa picha kubwa ya rangi inayoonyesha kambakochi mwenye magando mawili makubwa, mnyama wa Atlantiki ya Kaskazini wa jenasi ya Homarus, ambaye hapatikani kabisa katika maji yetu. Wa kwetu hana magando makubwa. Anajilinda kwa miiba iliyojaa gambani, kwa pembe mbili zilizo juu ya macho, na kwa vipapasio virefu kuliko mwili, vinene na vyenye miiba midogo, ambavyo akivisugua kwenye mashina yake hutoa mkwaruzo unaosikika wazi. Nimeshuhudia mteja akilalamika kwamba kambakochi wake ameng'olewa magando kabla ya kupimwa, naye alikuwa na haki ya kudhani hivyo kwa kuwa picha ya duka lenyewe ndiyo iliyompotosha. Picha hiyo iondolewe.

Zaidi ya picha, upande wa kambakochi umepangwa vizuri. Mnyama hai ukimwinua kwa mgongo hukunja mkia kwa nguvu chini ya kifua, na mkia huo, ambao karibu wote ni msuli wa kumrusha kinyumenyume anapotoroka, ndio unaolipiwa. Aliyekufa muda mrefu kabla ya kupikwa mkia wake hulegea na kunyooka. Utumbo hutolewa kwa njia ambayo sijaiona kwa ustadi huu kwingine: mhudumu huvunja kipande cha kipapasio, hukiingiza kwenye tundu lililo chini ya ncha ya mkia, hukizungusha, kisha hukivuta taratibu, na vile vijimiiba hunasa utumbo ukatoka mzima bila mkia kupasuliwa.

Ili kutambua jike, wao hutazama mguu wa mwisho wa kutembea. Mguu huo kwa jike una kikoleo kidogo kwenye ncha, ambacho hukitumia kusafishia na kushughulikia mayai yaliyoshikana chini ya mkia. Kwa dume ncha ni kucha moja tu. Mwenye mayai hawamnunui, na hapo pia wanastahili heshima. Buu wa kambakochi ni kipande chembamba kama jani, kinachopitisha mwanga, nacho huelea baharini kwa miezi mingi kabla ya kuchukua umbo la mzazi. Muda huo mrefu ndio unaofanya ufugaji wake kuanzia yai kuwa mgumu mno, na kwa sababu hiyo karibu kila kambakochi anayeliwa hapa amekuzwa na bahari yenyewe.

Upande wa kambamiti ndio dhaifu kuliko yote. Aina ni nzuri, kuna wale wakubwa wenye milia, Penaeus monodon, na wale weupe, Penaeus indicus, ambao wachanga wao hukulia katika maji ya mikoko kabla ya kurudi baharini. Tatizo ni uhifadhi. Kambamiti huharibika kuanzia kichwani, kwa kuwa tezi ya mmeng'enyo imo humo, na mnyama akifa vimeng'enya vyake huanza kuumeng'enya mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana kiungo kati ya kichwa na mkia hulegea kwanza, na kichwa kinachoning'inia kinakwambia habari yote ya barafu iliyokosekana. Duka huwaweka kambamiti juu ya barafu badala ya kuwazika ndani yake, na mchana wale wa tabaka la juu huwa na vichwa vilivyolegea na weusi unaoanza kichwani na kwenye kingo za magamba. Weusi huo, peke yake, si kuoza. Ni rangi inayotengenezwa na kimeng'enya cha mwili kikikutana na hewa. Hata hivyo unaonyesha kwamba ubaridi haukutosha. Wapo wauzaji wanaouzuia kwa kuwachovya kambamiti katika dawa ya salfaiti, na kwa kuwa salfaiti huweza kuamsha pumu, mteja ana haki ya kuambiwa. Nilipouliza kuhusu pakiti zilizogandishwa, hakuna aliyeweza kunijibu kama zimechovywa au la, wala pakiti hazina maandishi. Nunua wabichi, asubuhi, wenye vichwa, na uache pakiti.

Mara kadhaa nimesikia wateja wakiuliza kwa nini kambamiti hawaonekani na mayai chini ya mkia kama kaa na kambakochi. Jibu ni kwamba jike wa jamii hii hayabebi, huyaachia majini. Ukiona mstari mnene wa kijani unaopita mgongoni chini ya gamba, hizo ni ovari zilizokomaa, na hazina ubaya wowote. Utumbo mweusi ni mwembamba zaidi.

Kuna kasoro moja ambayo ninaomba wenye duka waishughulikie mapema, nayo inahusu wateja wenye mzio. Ubao mmoja na kisu kimoja hutumika kwa kaa, kambamiti na pweza. Protini ya misuli iitwayo tropomiosini, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha mzio wa kamba, inafanana sana katika athropoda wote, yaani wanyama wenye gamba la nje na miguu yenye viungo, wakiwemo kaa na wadudu, kiasi kwamba mtu anayedhuriwa na kambamiti huweza kudhuriwa na kaa, na hata na senene wa Kagera. Kuipika hakuiondoi. Anayenunua pweza kwa sababu kamba humvimbisha midomo hapaswi kukatiwa pweza huyo juu ya ubao uliotapakaa damu ya kaa. Ubao wa pili haugharimu kitu kikubwa.

Uduvi wao ni wa kawaida, mkavu, na una mchanga. Uchekeche kwanza kabla ya kuutia kwenye mboga.

Wekundu unaoutarajia mezani hautokani na kiungo chochote cha mpishi. Gamba bichi la kambakochi au kaa lina astazanthini, rangi nyekundu iliyofungwa ndani ya protini inayoifanya ionekane buluu, kijani au kahawia. Moto huivunja protini hiyo na rangi halisi hujitokeza. Kwa hiyo mgahawa wa nyuma hautumii rangi ya unga, nami nimeridhika na jambo hilo, ingawa huwachemsha kambamiti kupita kiasi; wakishapinda hadi mkia kugusa kichwa wamekwisha kukakamaa, na dakika chache zilitosha.

Anayetaka kaa wa shughuli aagize siku moja kabla, aseme dume au jike, na aombe wasisafishwe hadi afike mwenyewe dukani, ili abonyeze chini ya gamba kwa dole lake. Vichwa vya kambamiti na magamba ya kambakochi hutolewa bila malipo kwa anayekuja na chombo; viombe, uvikaange kwa kitunguu na uvichemshe kwa supu siku hiyo hiyo, kwa kuwa ile tezi ya kichwani haingoji kesho.